Ng'ombe Niliyemfuta Nusu

Leo nimejivua nguo mbele ya ukumbi mzima, na sina wa kumlaumu. (Suti ilibaki mwilini, ile ya kijivu. Nasema mengine.)

Yote yalianza mwezi wa tatu, kwa neno moja. Mwenyekiti wa chama chetu cha maziwa huku Dundori, Bwana Kariuki, aliingia ofisini kwangu, akakalia gunia la chumvi ya ng'ombe na kuniuliza, "Samweli, hii mambo ya tovuti unaijua?"

Ningesema hapana. Ningesema hapana, saa hii ningekuwa nyumbani nakunywa chai.

Nikasema, "Ndiyo. Ni kama hii yangu tu, ila ina rangi."

Nyinyi mliosoma nami mnajua kazi yangu. Miaka kumi na minane nimetunza rejista ya ng'ombe wa chama kwa programu niliyoiandika kwa mkono wangu. Skrini nyeusi, maandishi ya kijani, na hakuna kubofya chochote. Jina la ng'ombe, mwenye ng'ombe, tabia yake, lita zake kwa siku. Kariuki alitaka rejista hiyo iwekwe kwenye mtandao ili wanunuzi wa mitamba walioko Naivasha na Molo wawatazame ng'ombe wetu bila kupanda mlima. Vile mwaka huu ulivyoanza na zile fujo za uchaguzi, kila mtu alitaka kitu kizuri cha kungojea. Na mwenyekiti hakunificha.

"Kwa mkutano mkuu, wanachama watajionea," alisema. "Ikiwa sawa, hicho kiti ni chako mpaka uchoke. Isipokuwa sawa, kamati itatafuta mtu ako na cheti."

Mimi cheti changu ni cha kidato cha nne.

Basi nikateremka Nakuru kwa Nisha, anayefundisha kompyuta ghorofani, juu ya duka la baba yake la misumari na mabati. Nisha ni wa umri wa kuwa binti yangu. Siku ya kwanza nilimwuliza programu ya tovuti inaanzia wapi na inaishia wapi.

"Haiishi, mzee. Inakaa hapo ikingoja mtu aje."

"Mtu gani?"

"Yeyote."

Jibu hilo lilinisumbua wiki nzima. Programu yangu ilikuwa na mlango mmoja, na ufunguo wake nilikuwa nikiuning'iniza shingoni. Halafu nikaambiwa kuna lugha ya kupanga ukurasa, lugha nyingine ya kuupaka rangi, na nyingine tena ya kwenda kuchukua data na kuileta. Kwetu lugha ilikuwa moja na tulishukuru. Lakini nilijikaza. Kufikia mwezi wa nane nilikuwa nimetengeneza ukurasa wenye bendera ya kijani, picha ya ng'ombe, na kisanduku cha kutafutia. Unaandika jina, la ng'ombe au la mwenye ng'ombe, unabofya, ng'ombe anakuja. Nilimwita mke wangu aje mpaka mjini kuutazama. (Alisema picha ya ng'ombe imenona kuliko ng'ombe wetu. Ni kweli.)

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo moja, la sivyo hamtaelewa nilivyoanguka. Katika programu za zamani kama yangu, ukifuta ng'ombe, hafutiki. Mashine inamwekea kinyota pembeni, kisha inamficha. Yupo, ila haonekani. Kumtoa kabisa kunahitaji amri ya pili. Mimi sijawahi kuitoa amri hiyo hata mara moja kwa miaka kumi na minane, kwa sababu mimi si mtu wa kutupa vitu. Mke wangu ni shahidi. Stoo yangu bado ina makopo ya rangi tuliyopakia nyumba kabla hatujapata mtoto.

Nilipohamisha data kwenda kwenye tovuti, Nisha alitazama akakunja uso.

"Mzee, uliniambia ng'ombe ni mia nne. Hapa naona mia saba na kitu."

Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyekuwa katika kazi hii kabla yeye hajajua kusoma, "Mwalimu, hiyo mashine yako inahesabu na ndama."

Sikuangalia. Kosa ni langu. Tovuti haijui kinyota ni nini, na mimi nilijua kwamba haijui, ila sikutaka kuulizwa na msichana nimekuwa nikificha nini.

Leo asubuhi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Ukumbi wa kanisa ulijaa mpaka mlangoni. Tulitundika shuka jeupe ukutani, tukaazima projekta ya shule, na Nisha akaunganisha simu yake kwenye kompyuta ili tupate mtandao. Mtandao wa huku mlimani unakuja kama maziwa ya ng'ombe mzee. Ukurasa ulikuwa ukishuka mstari mmoja, unapumzika, halafu mwingine. Kumbukeni hilo.

Mstari wa mbele alikuwa ameketi mama mkwe wangu, bibi yetu sote, Cucu Nyambura, mwanachama mkongwe kuliko wote. Hajui kusoma, lakini hakuna kinachompita. Kwetu mama mkwe huwezi hata kumpita njiani ukiwa na mikono mfukoni. Nilimsalimia nikiwa nimeinama.

Kariuki alifungua kwa maombi, kisha akauliza nani anataka ng'ombe wake atafutwe. Mama Chelimo akasema tutafute Bahati. Nikaandika Bahati. Tukangoja. Bahati akashuka: mwekundu, lita kumi na mbili, mpole.

"Lakini Bahati si alikufa?" Mama Chelimo akamgeukia mumewe, Mzee Kiplagat. "Si ulisema ulimzika na homa?"

Mstari wa mwisho ukashuka polepole, herufi kubwa, nilizoziandika mwenyewe: AMEUZWA MOLO.

Ukumbi ulicheka mpaka mabenchi yakasogea. Mzee Kiplagat akatoka nje kuangalia kama mvua inakuja. Mbingu ilikuwa safi.

Nilikuwa nimeelewa. Kila kitu nilichokifuta tangu mwaka wa tisini kilikuwa kimerudi, kimevaa bendera ya kijani. Na nikakumbuka kitu kimoja zaidi ya Bahati.

"Tuache hapo, mwenyekiti," nikasema. "Mtandao ni dhaifu."

"Mtandao unakuja vizuri," akasema Kariuki, ambaye alikuwa anafurahia. "Tumheshimu mkongwe wetu. Andika Nyambura, tuone ng'ombe wa Cucu."

"Mwenyekiti..."

"Andika, Samweli."

Niliandika. (Ningeweza kukosea herufi makusudi. Hata hilo sikulifikiria.)

Mwaka wa tisini, nilipokuwa najaribu programu yangu, nilihitaji ng'ombe wa uongo wa kujaribia. Nilikuwa nimeoa juzi, na mama mkwe alikuwa amenifukuza kwake kwa maneno makali kwa sababu nililima viazi vyake vibaya. Nikamtengeneza ng'ombe, nikacheka peke yangu, kisha nikamfuta.

Nikamfuta nusu.

Shuka likaandika: Jina, NYAMBURA. Ukumbi ukanyamaza. Likapumzika. Likaendelea. Wanaojua kusoma walianza kuangalia viatu vyao.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza Cucu. "Ni ng'ombe wangu? Nisomeeni."

Kariuki ghafla akawa na kikohozi. Katekista wa kanisa akasema amesahau miwani, na miwani ilikuwa usoni. Basi Nisha, mgeni asiyejua nani mkwe wa nani, akasimama kwa heshima zote na kumsomea mama mzee kwa ile sauti yake ya darasani:

"Jina, Nyambura. Umri, haujulikani. Tabia, mkali. Hupiga teke bila sababu. Hali majani ya jana. Akianza kulia, kijiji kizima hakilali. Lita kwa siku, sifuri. Haya yameandikwa na: Samweli."

Sehemu hiyo ya mwisho, ya kuweka jina la mwandishi, ndiyo niliyojivunia zaidi nilipoitengeneza.

Hakuna aliyecheka. Mnajua kimya cha watu wengi wanaojizuia? Mke wangu, safu ya tatu, alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa.

Cucu alisimama kwa fimbo yake. Akatazama lile shuka muda mrefu, kana kwamba sasa anaweza kulisoma.

"Huyo ng'ombe namjua," akasema. "Ameandikwa vizuri. Majani ya jana hali, na kupiga teke anapiga. Lakini kijana wangu amekosea mahali pamoja. Hapo kwa maziwa. Maziwa sifuri? Mke wake alinyonya wapi?"

Hapo ndipo ukumbi ulipasuka. Katekista alivua ile miwani aliyoisahau ili afute machozi. Nilitaka ardhi ifunguke, lakini kanisa lina sakafu ya saruji.

Nilikwenda mbele yake nikainama. Nikasema, "Mama, niliandika kwa ujinga, na sikufuta kwa ujinga mwingine. Naomba msamaha."

"Msamaha upo," akasema. "Uko na mtamba mweusi mwenye doa kwa paji. Nitatuma watu Jumamosi."

Kamati ilitoka nje, ikarudi kabla chai haijapoa. Kariuki alinishika bega, akanipeleka pembeni ya dirisha.

"Samweli, ile tovuti ni nzuri sana. Wanachama wameipenda, hawajawahi kukaa mkutano mzima bila kulala. Shida si tovuti."

"Shida ni mimi."

"Shida ni wewe. Mbona hukusema tu hujui?"

Nisha amekubali kuishika rejista kuanzia wiki ijayo. Amenihurumia, anataka nije nimwonyeshe wale wenye vinyota, mmoja mmoja, awatoe. Nimemwambia nitakuja. Wa kwanza aliyemwingiza yeye mwenyewe, kabla hatujakunja shuka, ni yule mtamba mweusi, kwa jina la mwenyewe mpya. Cucu aliulizwa ng'ombe anaitwa nani, akasema anaitwa Samweli. Tabia? "Huitikia kila kitu."

Nawaandikia nikiwa cyber mjini, na jamaa wa kompyuta ya pili ameshaniuliza mara mbili kama niko sawa. Niko sawa. Mkitaka kucheka, chekeni, mama mkwe mwenyewe amecheka. Ila mjue hesabu yake: ile "ndiyo" ya mwezi wa tatu imenipotezea kazi yangu ya miaka kumi na minane, na mtamba wangu wa pekee.