Herufi Kubwa za Kadi ya Fundi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Alhamisi Fundi anatimiza miaka sitini. Fundi cherehani, mwenzangu tangu darasa la pili. Jirani kamnunulia kadi ya dukani, ile ukiifungua inaimba. Kanionyesha bila kuulizwa. Nikamwambia kitu cha mkono ni kitu cha mkono. Hakunielewa.

Juu ya cherehani ya Fundi kuna msumari mmoja tu, wa kutundikia kadi ya mwaka. Miaka minane mfululizo msumari huo ni wangu. Jirani ataula wa chuya.

Mke wangu kanisihi na mimi ninunue. Kanikumbusha kadi niliyomtengenezea kaka yake, ule unga wa kung'aa uliomwingia machoni. Nimemjibu kwamba shemeji aliifungua vibaya.

Jioni tumekula mchuzi usio na chumvi. Daktari kamkataza mama mkwe chumvi kwa sababu ya presha, na leo mke wangu kakuta pakiti ya chumvi chini ya mto wa mama. Mama kaapa kwamba kasingiziwa, akalia. Chumvi haitajwi tena humu ndani.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Fundi alikwenda hospitali jana. Kifua kinamchoma. Majibu Ijumaa. Haya nimeyasikia kwa Jirani! Yaani Jirani kaambiwa, mimi sikuambiwa. Imeniuma sana. Nimekaa mbele ya karatasi yangu ya manila bila kushika kalamu.

Kisha nikasema, basi kadi iseme yote. Rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Nani atashindana na hilo?

Picha ya Fundi katikati, ile ya pasipoti. Kalamu nyekundu imekauka, kwa hiyo nimeizungushia mstari mweusi, mnene, wa heshima. Herufi kubwa, maana herufi ndogo ni za watu wasiojiamini. Kwa ukubwa huo, SIKU YAKO IMEFIKA, RAFIKI YANGU WA KUFA imejaza mbele kote. "Na kuzikana" nimeipeleka ndani. Gundi imechuruzika kidogo pembeni, lakini haionekani. Sijawahi kutengeneza kadi nzuri kama hii.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimempelekea saa tatu asubuhi. Fundi kaitazama, kakaa chini. Machozi yakamlengalenga. Ile ya Jirani ilikuwa inaimba pembeni, wala hakuigeukia.

Akaniuliza kwa sauti ya chini kama mke wangu, aliyeko mapokezi hospitalini, kaniambia chochote. Nikamjibu kwamba mimi na mke wangu hatufichani kitu. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru kwa kuwa mkweli. Kafunga duka saa nne.

Nimerudi ofisini kifua mbele. Sijawahi kumliza mtu kwa manila.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Fundi kafika hospitali amevaa suti yake nzuri. Mke wangu kamkuta anaaga wauguzi. Jana yote alikuwa akirudisha vitambaa vya wateja, na mkasi wake mkubwa kampa Jirani awe na kumbukumbu. Majibu yametoka: kiungulia. Apunguze pilipili.

Fundi kamwambia kadi yangu ilimtangulizia majibu; mke wangu kaomba kuiona. Ilikuwa mfukoni mwa suti, imegandana. Wameifungua kwa wembe wa maabara. Ndani: NA KUZIKANA.

Niliitwa. Nilikwenda nikiwa na hofu, maana mtu wa kuanza naye upya urafiki wa miaka hamsini nitampata wapi? Fundi kanitazama. Kisha akacheka mpaka akashika meza. Kasema hakuniambia habari za kifua kwa sababu anajua ningemtengenezea kadi ya pole. Kasema ameshazikwa na mimi mara moja, kwa hiyo nusu ya ahadi imetimia.

Kadi iko kwenye msumari. Ya Jirani imeishiwa betri. Mkasi kakataa kuurudisha. Anasema ni kumbukumbu.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Miaka tisa! Wateja wanaingia dukani kuisoma tu.

Mke wangu kaniuliza kama nimejifunza. Nimemwambia ndiyo: gundi iwe kidogo. Jumanne mama yake anatimiza themanini, na kwa mama mkwe siwezi kubahatisha. Nimetafuta neno la heshima kwa mtu aliyeishi miaka mingi, nikalipata bila hata kuhangaika. Ndani nitaandika NYINGI, MAMA, NA UZIDI KULA. Mbele, kwa herufi kubwa kuliko za Fundi: UMEKULA CHUMVI.

Siku hiyo daktari wake wa presha atakuja kumpima. Nitaikabidhi mbele yake, apate na yeye kuiona.