Taa Zote kwa Pamoja

Jumatatu, 3 Machi

Trela langu linang'aa! Jana nimelipaka rangi nyekundu ya mafuta, mara mbili. Si ule upakaji wa wavivu wa kuzungusha brashi kandokando ya bolti. Mimi nimefungua kila bolti iliyokubali kufunguka, nikapaka juu yake, chini yake na ndani ya tundu lake, kisha nikairudisha. Hata zile zinazoshika waya za taa kwenye chesisi, ule uti wa chuma wa trela. Hakuna chuma kilichobaki uchi. Mke wangu kaniuliza nani atalala chini ya trela kuangalia tundu la bolti. Hajui kazi.

Sababu ipo. Mama Bosi, mwenye malori yote ya yadi yetu, ametangaza kwamba mkaguzi wa magari anakuja Ijumaa. Gari likipita, Jumamosi linaanza safari ndefu ya saruji, na mimi ndiye dereva. Lisipopita, mimi nabaki yadini na funguo anachukua shemeji yangu. Huyu ni kaka wa mke wangu, dereva wa akiba, hana gari tangu mwaka jana. Mpole kupita kiasi. Ukimkanyaga mguu anakuomba radhi yeye. Watu wa namna hiyo ni wa kuwaogopa.

Saa nne nimeunganisha plagi ya kichwa cha lori na trela, nijaribu taa. Indiketa ya kushoto: taa zote za nyuma zikakonyeza. Ya kulia: zote tena! Nikaweka tofali juu ya pedeli ya breki, nikakimbia nyuma kuangalia. Zote zimefifia, zinasinzia.

Mama Bosi akatokea na kikombe chake cha chai, akauliza kama taa zinafanya kazi. Nikamjibu zote, mama. Sikudanganya. Zilikuwa zinafanya kazi zote. Kwa pamoja.

Jumanne, 4 Machi

Balbu! Nani asiyejua kwamba taa ikisumbua ni balbu? Nimebadilisha kumi na nne. Hakuna kilichobadilika, ila sasa zinakosea kwa mwanga mpya.

Basi ni plagi. Ina pini saba na waya saba, kila mmoja na rangi yake. Nimezichomoa zote kwa mpigo ili kuokoa muda. Mpangilio wa rangi nimeuandika kiganjani kwa kalamu, maana mimi si mtu wa kubahatisha. Jua lilikuwa kali, na mimi ni mtu wa jasho. Kufika saa saba kiganja chote kilikuwa cha buluu.

Nimezirudisha kwa kumbukumbu. Matokeo: nikikanyaga breki inawaka taa ya kurudi nyuma. Nikitia gia ya kurudi nyuma inawaka indiketa ya kulia, na zile nyingine zinaitikia kwa chinichini. Nimekaa juu ya tairi la akiba nikajiinamia.

Hapo ndipo shemeji akaja. Akachuchumaa, akatazama, akauliza kwa heshima zote kama kuna kitu anishikie. Eti zamani aliwahi kufanya umeme wa magari kidogo. Nimemjibu kwamba mfumo huu ni wa kisasa, unataka mtu aliyetulia. Akasema ahsante, akaenda zake.

Alipoondoka nikashtuka. Trela zima siku zote, limeanza vituko wiki hii hii ya ukaguzi! Na nani anafaidika? Shemeji kaingiza mkono wake. Anataka kunitilia kitumbua changu mchanga. Kuanzia leo tuna vita, ingawa yeye hajaambiwa.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nimefanya jambo la akili. Nimeazima waya na trela la jirani yadini, nikaliunganisha na kichwa changu. Taa zote sawa! Kushoto kushoto, kulia kulia, breki nyekundu hadi raha. Kwa hiyo kichwa hakina neno. Tatizo liko kwenye trela langu au plagi yake. Nilifurahi sana, halafu nikakumbuka kwamba trela langu ndilo linalokaguliwa.

Nikaja na hila. Nimemwomba mke wangu amuulize kaka yake, kwa njia ya mazungumzo tu, mtu afanye nini taa za trela zikikonyeza zote kwa pamoja. Aseme ni trela la rafiki wa rafiki. Asinitaje kabisa. Mke wangu ni fundi cherehani, wateja wanamweleza siri zao zote, kwa hiyo mazungumzo anayaweza.

Jioni akarudi na jibu. Kaka yake kamsikiliza hadi mwisho, kisha kauliza kama hilo trela la rafiki wa rafiki ni jekundu.

Halafu kaeleza. Umeme ukishawasha taa lazima upate njia ya kurudi. Njia hiyo ni ule waya mweupe, mafundi wanauita ethi, unaofungwa kwa bolti kwenye chesisi. Waya huo lazima uguse chuma kitupu. Ukikosa chuma, umeme unarandaranda kwenye balbu za wenzake ukitafuta pa kutokea, ndiyo maana zote zinawaka. Dawa ni kufungua bolti, kusugua rangi mpaka chuma kionekane, na kukaza. Basi.

Nilicheka mpaka mke wangu akasimamisha cherehani. Kwa hiyo nichukue msasa nikwangue rangi yangu, siku mbili kabla ya ukaguzi! Mkaguzi akute doa! Huu ni ujanja wa wazi kabisa. Nimemwambia mke wangu kwamba kaka yake atafute mjinga mwingine. Akarudia kushona.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya.

Nimeamua kuupiga chenga mfumo mzima. Nimevuta waya mmoja mnene kutoka kwenye betri ya kichwa moja kwa moja hadi taa za nyuma. Umeme mwingi, taa nyingi, nani alalamike? Nilipougusisha, cheche! Moshi! Fyuzi ikakatika kwa mlio wa bisi. Nimeizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikajaribu tena. Sasa honi inalia kila nikikanyaga breki. Watu wa yadi wametoka wote kuangalia nani anawapigia. Nimewapungia mkono.

Mama Bosi akaja pia. Akavuta hewa mara mbili, akauliza harufu hiyo ni ya nini. Nikasema ni rangi, mama, inakauka. Akasema rangi ya siku nne? Nikasema ni rangi nzuri. Akanikumbusha kwamba mkaguzi anafika saa mbili kamili, na kwamba yeye hana mchezo na safari ya saruji.

Jioni chakula nimekiacha mezani. Nimemwambia mke wangu ukweli, na hapa nauandika: naogopa. Miaka kumi na moja nimekaa nyuma ya usukani ule. Kiti kimeshika umbo langu. Nikibaki yadini nitakuwa nafanya nini, kufagia? Kumfungulia shemeji geti? Machozi yalinilenga, nikasema ni moshi wa mchana.

Mke wangu hakucheka. Kasema nivae viatu niende kwa kaka yake sasa hivi, ni nyumba ya tatu tu, nimwombe. Nimekataa. Mtu ana heshima yake. Akachukua simu akatoka nayo uani. Sikuuliza anampigia nani.

Ijumaa, 7 Machi

Saa kumi na mbili na nusu nimefika yadini. Miguu miwili inachungulia chini ya trela langu. Viatu vya shemeji!

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwite mhujumu. Akajitokeza, vumbi jekundu nywele nzima, msasa mkononi. Akanisalimia, akaomba radhi kwa kuanza bila mimi. Alikuwa amefungua bolti ya waya mweupe na kusugua doa lisilozidi kifuniko cha chupa. Akaikaza. Akapanga zile waya saba za plagi bila kuandika popote, akaukata ule waya wangu mnene, akatoa karatasi yangu ya sigara na kuweka fyuzi. Akanikabidhi pedeli.

Kushoto: kushoto! Kulia: kulia! Breki: breki! Nusu saa nzima haikuisha.

Akasema maisha yake hajaona mtu aliyepaka rangi mpaka chini ya bolti ya ethi. Nimemshukuru. Sifa ni sifa, hata ikitoka kwa mpinzani.

Saa mbili mkaguzi akafika na ubao wake wa karatasi. Akazunguka, akapiga matairi teke, akaagiza taa moja moja. Zote zikatii. Limepita! Mama Bosi akatabasamu, jambo nililoliona mara ya mwisho mwaka juzi, akauliza nani katengeneza taa, maana harufu ya jana aliisikia vizuri.

Shemeji alikuwa amesimama pale pale. Akavuta pumzi ajibu. Nikamwahi.

Nikaeleza kila kitu. Njia ya kurudi. Chuma kitupu. Umeme unaorandaranda kwa wenzake. Nimetumia mikono yote miwili. Nimelitaja neno ethi mara tisa. Mkaguzi mwenyewe alitikisa kichwa kukubali. Shemeji alikuwa anatazama viatu vyake. Mama Bosi akasema kumbe mtu wa namna hii anaye hapa hapa, na yeye mwaka mzima anahangaika kutafuta. Leo nimelala mchana kwa furaha.

Jumamosi, 8 Machi

Mama Bosi kaniita ofisini saa moja. Nimepanda cheo. Kuanzia leo mimi ni mkuu wa umeme wa yadi nzima, trela tisa, na meza yangu mwenyewe. Akasema dereva anaweza kumpata siku yoyote, lakini fundi wa kiwango changu hampati. Akaninyooshea mkono. Nikadhani ananipongeza, nami nikautoa wangu. Alikuwa anataka funguo.

Ningesema nini? Kwamba nilidanganya? Mbele ya karani?

Nje yadini, shemeji akapanda kwenye kiti changu. Alikisogeza mbele kidogo. Kisha akateremka tena, akanifuata, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nikitaka yuko tayari kwenda kwa Mama Bosi kueleza ilivyokuwa, tubadilishane kabla lori halijatoka. Alimaanisha. Niliona. Roho iliniuma vibaya, kwa sababu ningeweza kusema ndiyo.

Nikamwambia aendeshe kwa uangalifu, na akipata tatizo lolote la umeme njiani anipigie mimi.

Akasema ahsante. Pale getini akaweka indiketa ya kushoto. Ikakonyeza ya kushoto tu, safi kabisa, hadi alipoishia. Mke wangu, aliyekuja kumuaga kaka yake, kaziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Anasema alikuwa analia.

Saa kumi Mama Bosi kapita mezani kwangu. Kuna trela la jokofu la kubeba samaki, halitoi baridi, mafundi wawili wamelishindwa. Akauliza kama na majokofu nayajua. Nikamwambia mama, hayo ndiyo niliyoanza nayo. Linaletwa Jumatatu na samaki wake ndani.