Hotuba ya Kuzindua Barabara Iliyonyooka Kuliko Zote

Mheshimiwa Mkuu wa Kitengo cha Njia Kuu, Mheshimiwa Msaidizi wa Mkuu huyo, Mheshimiwa unayemwakilisha Msaidizi, wadau wote mlioketi kivulini, na ninyi wananchi mliosimama juani, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya walioketi.)

Mji huu, ndugu zangu, ulianza na kijia kimoja cha watu waliokwenda kisimani kuteka maji. Kijia kikapata mikokoteni, mikokoteni ikaleta maduka, maduka yakaleta lami, na ndiyo maana hadi leo barabara yetu kuu inapinda mahali pasipo na kilima wala mto, kwa sababu tu hapo zamani palikuwa na mzee mmoja aliyekataa kuhamisha zizi lake. Enzi hizo mji ulichorwa kwa miguu. Mimi nimewaletea mstari ulionyooka. (Makofi.)

Barabara hii itaukata mji katikati, ukingo hadi ukingo. Kwa mujibu wa masta plani yetu shirikishi, itapunguza foleni kwa asilimia mia moja na nne, na katika fezi ya kwanza pekee tumekwishafanikiwa kupaka alama ya X nyekundu kwenye nyumba sitini na moja. (Miguno.)

Naona mkono. Ni mama fundi, anayeshona sare za shule, ambaye chumba chake cha mbele kinatakiwa kubomolewa kufikia Ijumaa. Anauliza yeye, binti zake wawili na cherehani zao watakwenda wapi. Mama, nakuhakikishia kwamba suala lako limo ndani ya mchakato. (Sauti kutoka nyuma: “Huo mchakato una paa?” Kicheko kirefu.)

Nikisema barabara, semeni inyooke. Barabara! (Walioketi: “Inyooke.”) Maendeleo! (Mtu anakohoa.)

Mwisho, namshukuru kwa dhati dada anayehudumia ofisi yetu, ambaye leo asubuhi aliikuta ramani ya mradi imekunjwa kabatini, kama tulivyoirithi, akaipiga pasi ili muione vizuri. Ifunueni. (Ramani inafunuliwa. Watu wanasogea kuitazama.)

Msiwe na haraka, ndugu zangu. Mchoraji ramani ananinong’oneza kwamba mstari umetoweka, kwamba hakuna mtu aliyewahi kuuchora, na kwamba tulichokuwa tukikifuata kwa rangi, nyumba kwa nyumba, ni mkunjo wa karatasi.

(Mama fundi: “Kwa hiyo nisibomoe, mheshimiwa?”)

Mama, hilo litahitaji upembuzi yakinifu, ripoti ya awali, na kikao cha wadau. Nakuomba usubiri barua.

(Mama fundi hasubiri. Anawaambia binti zake warudishe cherehani ndani wakaendelee kushona, maana shule zinafunguliwa Jumatatu.)

Asanteni kwa kunisikiliza.