Foto ya Mutoto Munene

Siku ya Mungu, tarehe 2 juin 1957. Katuba.

Siku mubaya. Baba mudogo Constantin, ndugu ya baba mukwe, alifika na treni ya Kabalo. Alileta samaki ya kukausha, na maneno. Maneno njo ilikuwa nzito kupita samaki. Mama mukwe alimutuma aniambie, miye bibi ya mutoto yake Floribert: amesikia mutoto yetu Liévin iko mukonda. Kama ni kweli, atakuja yeye mwenyewe.

Paka ile, ile tu. Floribert alicheka, akauliza samaki itapikwa saa ngapi. Wanaume! Hasikie kitu. Miye nilisikia yote. "Atakuja" maana yake atakuja kunikamata mutoto. Juu ya kuwa miye nilisomea kwa bamasoeur, masista ya misioni, najua kushona na kuandika, basi banawaza sijue kunyonyesha. Ku kwabo kambo, mama ya baba, akimubeba mujukuu, anamurudisha na meno yote, na jina yako ameshasahau.

Liévin iko na miezi saba. Anacheka, anapiga makelele, ananyonya sawa mwizi. Lakini nyama, hapana! Shingo sawa ya kuku. Masikio sawa mikono ya sufuria. Nilimufunga muzuri mu kitenge, Constantin akaona paka paji ya uso.

Bantu, miye nabasoma sawa kitabu. Mama mukwe ni kitabu ya maandishi makubwa.

Kazi tatu, siku ya tatu ya juma, tarehe 5 juin.

Nilimupeleka Liévin ku mizani ya bamasoeur. Mulolongo ya bamama. Mbele yangu Régine, jirani yangu, na Adalbert yake. Adalbert na Liévin balizaliwa juma moja. Balimuweka Adalbert, mizani ililia. Masoeur alipiga mikono. Régine aligeuka kuangalia kama niliona. Niliona!

Balimuweka Liévin. Sindano ilitikisika kidogo, sawa muntu anaitikia salamu juu ya heshima tu. Masoeur alisema mutoto iko na afya, iko tu mukonda, kuko batoto ya vile. Tu! Yeye haiko na mama mukwe.

Mawazo yangu juu ya mashine: mizani haina adabu, inasema kila kitu mbele ya bantu. Lakini kamera ni mashine ya heshima. Inaonyesha paka kile uliweka mbele yake, kisha inanyamaza.

Niliwaza ile njia yote ya kurudi. Nilisikia haya. Lakini wazo ilishaingia, ilishaketi, ilishaomba maji ya kunywa.

Kazi tano, tarehe 7 juin.

Nimefanya. Mungu anisamehe.

Régine alienda ku soko kuuzisha bitumbula, mandazi yake ya mafuta, aliniachia Adalbert sawa kila kazi tano. Aliniambia, dada, akilia umunyonyeshe. Alilia. Nilimunyonyesha. Alimaliza yote, akaniangalia sawa muntu ya hoteli.

Nilimuvalisha nguo ya Liévin. Vifungo ilikataa kufunga. Liévin ku mugongo, Adalbert mu mikono, mbio kwa Mwaba, fotografu ya pembeni ya barabara. Iko na kitambaa nyuma, balipaka ngazi ya kizungu na maua. Mwaba aliingiza kichwa mu nguo nyeusi, akauliza jina ya mutoto. Nilisema Liévin. Liévin ya kweli, kusikia jina yake, akapiga kelele ku mugongo. Mwaba akauliza, na ile ni nani? Nilijibu: ya jirani.

Nilikana mutoto yangu! Mwaba iko na jogoo pale ku kiwanja. Niliiangalia. Haikuwika. Nilishukuru.

Siku ya posho, njo jumamosi, tarehe 8 juin.

Floribert iko ku kazi. Nilitia foto mu bahasha, niliigandisha na bukari, ugali ya jana, ili muntu asifungue, nikamupelekea Constantin ku gare ya treni. Aliuliza ni nini. Nilisema: jibu kwa mama mukwe. Treni iliondoka na Adalbert.

Usingizi muzuri. Kidogo.

Kazi moja, tarehe 10 juin.

Yoo, yoo, yoo.

Mwaba alipenda foto ile sana. Alitengeneza ingine, kubwa, akaitundika pa mulango yake, penyewe bantu yote ya soko banapita. Adalbert pa ngazi ya kizungu, anacheka! Na Régine anapita pale na beseni ya bitumbula!

Alinikuta ku bomba ya maji. Alinivuta mukono mpaka kwa Mwaba. Aliuliza, dada, huyu si Adalbert? Mwaba akasema mbele yangu, lakini mama huyu aliniambia ni mutoto yake! Bantu balisimama. Kisha nikasikia kinywa yangu inasema: mutoto ya jirani ni mutoto yangu. Nilitaka kukufanyia zawadi, Régine, ulijua mbele ya saa yake.

Régine akaanza kulia. Machozi ya kweli! Alinikumbatia na beseni yote. Mwaba naye alisikia huruma, akatundua foto, akamupa. Mangaribi Régine alileta sahani ya bitumbula ya moto. Anaambia kila mulango kama miye niko na roho ya watakatifu.

Nilikula bitumbula bine. Ilikuwa tamu. Njo haya yenyewe.

Kazi ine, tarehe 20 juin.

Niandike polepole.

Niko pa kiwanja na Régine, tunachagua sombe, majani ya muhogo. Adalbert pa mukeka. Liévin amelala mu nyumba. Floribert anaingia na valisi ya safari ku kichwa, na nyuma yake mama mukwe! Bila kutuma habari.

Nilipiga magoti. Hakuitika. Alifungua fundo ya kitambaa yake, akatosha foto. Akaangalia foto. Akaangalia Adalbert pa mukeka. Foto. Adalbert. Kisha akamwambia Floribert, kwa sauti ya muntu mwenye hakulala mu treni:

"Mwanangu, fungua macho. Ku kwetu nani alizaliwa munene? Baba yako? Weye? Mutoto ya nyumba yetu anakuwa mukonda sawa nzige mpaka siku anatembea. Huyu ni ya mwanaume gani?"

Kumbe! Alikuja kuvunja ndoa!

Floribert aliniangalia. Yale macho, sitaki kuyaona tena. Kisha akaangalia mukeka, akasema polepole: mama, lakini huyu ni Adalbert, mutoto ya Régine.

Régine alisimama, akapanguza mikono, akaomba foto. Ngazi ile ile. Maua ile ile. Nguo ya Liévin, vifungo wazi. Alimubeba mutoto yake, akaenda.

Na pale Liévin akaamuka mu nyumba, akalia. Mama mukwe aliingia bila kungojea muntu, akatoka naye amemunyanyua juu, masikio ku jua, mekundu sawa pilipili.

"Yooo! Njo huyu! Floribert mwenyewe!"

Alicheza. Alilia. Alimubusu masikio, moja na ya pili. Alieleza kama kusikia mujukuu ni mukonda alifurahi, akasema aksanti Mungu, ni wetu kabisa, niende nimuone. Kumukamata? Amupeleke wapi, na maziwa ya nani? Kisha foto ikafika, na tangu ile siku chakula haikupita ku koo. Baba mukwe kule naye vile vile.

Floribert hakunipiga, hakunitukana. Aliniuliza paka neno moja: juu ya nini haukuniuliza? Ningependa anitukane.

Siku ya posho, tarehe 22 juin.

Siku mbili Régine hakunisalimia. Ku bomba nilimupisha mbele, alichota, alienda. Bamama bananiita "Mama ya Batoto Yote". Banacheka mpaka maji inamwangika.

Leo alikuja. Nilianza kusema, alinikata. Alisema: mujinga weye, ungeniambia tu. Ningekupa mutoto miye mwenyewe, na nguo yake ya ubatizo juu. Kisha akaniwekea Adalbert mu mikono, juu anaenda ku soko. Akilia, umunyonyeshe.

Nililia mbele ya Adalbert. Ile haya iliingia mpaka mu mifupa, kupita fimbo yote. Mama mukwe aliniangalia, akasema: na ule musomo yako yote, binti yangu, kinywa ulipewa ya nini? Si ya kuuliza bantu? Kisha akanikamatia sombe, akatwanga yeye.

Siku ya Mungu, tarehe 23 juin.

Niliapa ku Misa. Mbele ya altare, na Liévin mu mikono. Sitadanganya tena. Nimejifunza. Kabisa.

Floribert alisema tupige foto ya kweli, tumutumie baba mukwe, naye aanze kula. Mutoto ya kweli, jina ya kweli. Mwaba anatungojea nyuma ya chakula. Ameshauliza, kwa Floribert, kama safari hii atapiga yule wa mbele ao yule wa mugongo.

Mama mukwe alisema muzee kule anangojea kuona paka masikio. Alisema na kicheko ya wema. Lakini bantu, miye nabasoma. Najua maana yake: ananionea huruma.

Basi asubui nilishona kofia. Pamba nyeupe, kubwa, inashuka mpaka ku mashavu, na kamba chini ya kidevu. Masikio yote mbili imeingia, hata kidogo haionekane. Pale ku mashavu nilijaza pamba kidogo.

Si uwongo. Ni kofia tu.