Injini ya Mzee Ndani ya Kioo cha Kabati

Jumatatu, 9 Juni

Nimekasirika. Naandika kwanza, chakula kitasubiri.

Mzee katoa neno leo sebuleni, mbele ya familia nzima. Jumamosi kuna sherehe ya wastaafu wa kiwanda chake. Atakayemfikisha huko kwa gari lake la zamani, ndiye atakayekabidhiwa ufunguo na gari liwe lake moja kwa moja. Sawa. Haki kabisa. Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Gari limelala uani kwangu. Grisi iko kwenye kucha zangu. Lakini wakati Mzee anasema “atakayenifikisha”, macho yake yalikuwa wapi? Kwa shemeji! Mume wa dada yangu! Mtu wa kuja!

Shemeji huyu mimi namwita Bwana Taratibu. Hapandishi sauti hata umkanyage. Ukimfokea anasema sawa, shemeji. Hakuna kitu kinachonichoma kama hiyo “sawa, shemeji”. Tayari anashika funguo za nyumba ya Mzee, anampeleka hospitali, anajua hadi dawa zake kwa majina. Mimi nimebakiwa na nini? Gari. Hili sitoi.

Hali ya gari ni hii. Lilizaliwa na usukani kushoto, na barabara zetu zinataka kulia. Mzee aliliendesha hivyo hivyo miaka na miaka, kwa sababu marehemu Mama alikaa kiti cha kulia na kuchungulia malori. Mama akisema pita, Mzee anapita. Akisema tulia, anatulia. Sasa Mama hayupo, Mzee akataka usukani uhamie kulia. Nimeuhamisha. Injini iliyokufa nimeitoa, nimeweka nyingine, kubwa, ya gari la kisasa. Inawaka! Ila altaneta, ile ya kuchaji betri, inaning'inia upande wa kulia, pale pale unapopita mhimili wa usukani. Ukikata kona, kwaruu! Chuma kwa chuma.

Jioni mke wangu, ambaye ni fundi nguo, kalalamika kwamba cherehani inakata uzi. Nikaenda kutazama. Kumbe anazungusha gurudumu kurudi nyuma! Nikamwambia wazi, mimi ndiye fundi wa cherehani mtaa huu, nisikilize: gurudumu lina upande wake. Ukilizungusha kinyume, kila kitu kilichofungwa nalo kinafanya kazi kinyume. Nikamuuliza hilo linahitaji shule gani. Akatunga uzi upya. Watu hawajifunzi.

Jumanne, 10 Juni

Bwana Taratibu kaja bila kuitwa. Akainamia boneti, mikono nyuma, kama anakagua mboga. Anasema kwa maoni yake altaneta ipandishwe juu kidogo tu, kwa kipande kifupi cha chuma. Kompresa ya kiyoyozi, pampu ya usukani, mkanda unaovizungusha, vyote viachwe vilivyo. Akamalizia kwamba haraka haraka haina baraka.

Nikamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Akasema sawa, shemeji. Ee Mungu, nipe subira!

Kipande kifupi cha chuma! Yaani nihamishe usukani mzima, halafu injini niibembeleze kwa kipande cha chuma? Watu waseme gari limekamilika kwa akili ya shemeji? Thubutu!

Baada ya yeye kuondoka, wazo likanijia mwenyewe, halikuletwa na mtu. Injini hii ilipangwa kwa gari la usukani kushoto. Gari sasa ni la kulia. Basi kila kitu mbele ya injini nacho kihame! Cha kulia kiende kushoto, cha kushoto kije kulia. Altaneta ikimbie usukani, pampu ya usukani isogee karibu na usukani wake. Nani anaweza kupinga hilo?

Nitajuaje kila kitu kikae wapi? Kioo! Kioo kinageuza kulia na kushoto bila kuomba ushauri. Nimefungua mlango wa kabati la chumbani, ule wenye kioo kirefu, nimeung'oa bawaba, nimeusimamisha mbele ya gari. Injini nzima ikaonekana imegeuzwa, safi! Nikachora vile vile nilivyoona. Nilicheka peke yangu uani.

Mke wangu katoka kwenda kupokea mteja, akataka kujitazama, hakukuta kioo. Sitaandika aliyoyasema.

Jumatano, 11 Juni

Nimeshinda kwa mchomeleaji. Huyu tunamwita Cheche, na si kwa sababu ya kazi yake tu. Nilimpa mchoro. Akaugeuza huku, akaugeuza kule, akauliza juu ni wapi. Nikamwambia achome, asihoji. Akachoma mashikio ya altaneta, ya kompresa, ya pampu. La altaneta likatoka limepinda. Nikafoka. Akafoka. Akasema limepinda tangu kwenye mchoro. Nikatazama. Limepinda kweli, lakini ndiyo namna ya kumwambia mteja?

Mchana nikafunga vyote. Vimekaa! Shida ikawa mkanda. Ni mmoja, mrefu, upande wa ndani una mifereji na mgongo ni laini. Kwa njia ya zamani haufiki. Nikaupitisha chini, haufiki. Nikaupitisha juu ya kompresa, ukalegea. Mwisho nikaiacha puli ya pampu ya maji, kile kigurudumu chake, upande wa nje wa mkanda, mgongo laini ukaikumbatia. Ukakaza vizuri, kama suruali mpya. Mkanda ni mkanda. Nimefunga mikanda ya cherehani tangu Bwana Taratibu hajaota ndevu.

Wakati wa kurudisha kioo, bawaba zikagoma. Nikasukuma. Kikapasuka kona. Kipande kidogo tu. Nimening'iniza kanga hapo.

Alhamisi, 12 Juni

IMEWAKA! Nimekata usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Hakuna kwaruu. Hakuna hata kwi!

Na nguvu! Kawaida feni ya injini, iliyofungwa kwenye puli ya pampu ya maji, inavuta upepo ndani kupitia kwenye rejeta inayopoza maji. Hii yangu inautoa nje! Umesimama mbele ya gari, upepo wa moto unakupiga usoni. Sijawahi kuona injini yenye pumzi kama hii. Karatasi za mke wangu za kukatia nguo zilipeperuka kutoka barazani hadi kwa jirani. Akazifuata akinung'unika. Nikamwambia hiyo ndiyo sauti ya ushindi.

Bwana Taratibu alikuwepo, mikono nyuma. Akaweka kiganja mbele ya rejeta. Akakunja uso. Akaanza kusema kwamba shemeji, huu upepo… Nikamkata hapo hapo. Nikamwambia wivu haujengi. Akasema sawa, shemeji, akaenda zake. Aibu imempeleka.

Ijumaa, 13 Juni

Adui mpya. Kipimo cha joto.

Nimeliwasha gari asubuhi, sindano ikaanza kupanda. Ikapanda, ikapanda, ikaingia kwenye nyekundu. Nikazima. Nikasubiri, nikawasha tena. Ikapanda tena, bila adabu. Nikaongeza maji. Ikapanda.

Nikakaa kitako nikafikiri kama mtu mzima. Injini ni nzima, imetoka kwenye gari zima. Rejeta ni mpya. Maji yamo. Nani amebaki? Kipimo! Na kipimo kimetoka wapi? Kwenye dashibodi ya zamani, upande wa kushoto. Nyaya zake nimezivuta mwenyewe hadi kulia. Kimechanganyikiwa. Kitu cha zamani kinaona ugeni.

Nimekifunika kwa utepe mweusi. Mzee asije akaingiwa na hofu bure.

Mke wangu kaniuliza kwa nini nafunika kipimo badala ya kukisikiliza. Nikamwambia yeye ashone. Amesema mwenye macho haambiwi tazama, akarudi kwenye cherehani yake. Naisikia mpaka huku, siku hizi haikati uzi. Ni kazi yangu hiyo, lakini shukrani nani atanipa?

Kesho ufunguo ni wangu.

Jumamosi, 14 Juni

Nina hasira kuliko Jumatatu. Naandika hivyo hivyo.

Mzee alitoka amevaa suti na beji ya kiwanda. Akaenda moja kwa moja mlango wa kushoto, akafungua, akauliza nani ameiba usukani. Tukamkumbusha. Akatazama kiti cha kulia, cha Mama, muda mrefu. Akaingia kushoto. Nikamfungia mlango mwenyewe, polepole. Mke wangu akakaa nyuma. Nikawasha. Majirani wakapiga makofi!

Tukateremka hadi barabara kuu vizuri sana. Mzee anakanyaga breki ambayo haipo upande wake. Nyuma naona nini kwenye kioo? Kigari cha Bwana Taratibu. Taratibu. Nikaongeza mwendo.

Tulipofika kwenye mlima wa shule, harufu. Mzee akauliza nani anachemsha mahindi. Nikasema ni gari la mbele. Hapakuwa na gari la mbele. Halafu boneti ikaanza kutoa moshi mweupe, mvuke, na sauti kama birika lililosahauliwa jikoni. Gari likazimika katikati ya mlima, malori yakatupigia honi. Nilitoka nikapiga teke tairi. Kidole kimevimba.

Bwana Taratibu akasimama nyuma. Akashusha madumu ya maji. Alikuja nayo! Alijua! Nikamfokea mbele ya wapita njia, nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alianza kusema Alhamisi, shemeji.

Injini ilipopoa tukaongeza maji, nikawasha. Mke wangu akainama kutazama. Tena akatazama kwa jicho lile lile analotazamia pindo lililopinda. Kisha akaniuliza, kwa upole, kama hii puli ya pampu ya maji haizunguki kinyume na zile nyingine. Maana aliambiwa na fundi mmoja kwamba gurudumu lina upande wake. Ukilizungusha kinyume, kila kitu kilichofungwa nalo kinafanya kazi kinyume. Akaongeza kwamba hilo halihitaji shule.

Bwana Taratibu akageuka kutazama malori. Mabega yalikuwa yanacheza. Alikuwa anacheka! Mtu asiyecheka!

Maji hayakuwa yanazunguka. Upepo ulikuwa unatoka badala ya kuingia. Kipimo kilikuwa kinasema kweli. Sawa. Nimeandika. Basi.

Tukafunga kamba. Kigari chake kikavuta, mimi nikashika usukani. Tukaingia getini hivyo, wastaafu wote wamesimama, wanaimba. Kabla Mzee hajashuka nikadai haki yangu: aliyeshika usukani ni mimi, kwa hiyo aliyemfikisha ni mimi. Bwana Taratibu kwa mara ya kwanza maishani akapandisha sauti. Akasema aliyevuta ni yeye! Nikamwambia hata punda anavuta! Tukashikana ukosi mbele ya wazee wa watu.

Mzee akagonga fimbo kwenye mlango. Tukaachiana. Akasema gari lile siku zote lilikuwa na dereva wa kupiga kelele na mwanamke wa kuona. Dereva anapatikana popote. Akachomoa ufunguo, akampa mke wangu. Akamwita mwanangu. Mke wangu akalia. Mzee naye akafuta macho, akaingia ndani kutafuta kiti.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, kidole kikiwa hivyo hivyo.

Jumapili, 15 Juni

Asubuhi Bwana Taratibu kaja, kaitwa na mwenye gari. Amepandisha altaneta kwa kipande kifupi cha chuma, karudisha vingine vilipokuwa na mkanda kwenye njia yake. Sindano imetulia katikati. Wamemchukua Mzee wakazunguka naye mtaani, mke wangu akiendesha, dada yangu nyuma anachekelea. Mimi nimeruhusiwa kuliosha. Kwa kitambaa laini, akasisitiza.

Nimeliosha. Na nilipokuwa nasugua mbele, nikaelewa walichokosea wote.

Mchoro wangu haukuwa na kosa. Kioo hakiwezi kusema uongo. Kilichokuwa kinyume ni injini yenyewe! Niligeuza altaneta, kompresa, pampu na mkanda, nikasahau kugeuza mzunguko wa injini. Ikizunguka upande mwingine, pampu ya maji itarudi kwenye upande wake, feni itavuta ndani, na kila kitu kitakaa sawa. Kitu kidogo hivyo! Na hakuna aliyekiona!

Jumamosi ijayo mke wangu anakwenda kununua vitambaa, kutwa nzima, kwa basi. Ufunguo anauweka kwenye droo ya cherehani. Nimeshatuma mtu amwite Cheche.

Tatizo ni kioo tu, kile cha kwanza kina ufa. Lakini dada yangu ana kabati kubwa, la milango miwili, yote ya kioo.