Karamu ya Kula Deni la Elkanah

Jumatatu, 6 Machi 1967. Muhuru Bay

Siku mbaya! Mwikwabe amekuja na lori lake la sukari kutoka Migori. Anasema nisipomlipa shilingi thelathini zake kufikia Jumatatu ijayo, sukari yote ya hapa atampa Mayaka. Mayaka! Yule mwenye duka mkabala na langu, anayepima sukari huku kidole kimelalia mizani. Alikuwa mlangoni kwake akisikiliza. Alitabasamu.

Pesa ninazo, ila ziko kwa Elkanah. Ana hoteli kule ufukoni, namdai shilingi arobaini za unga na sukari. Nimekwenda kumdai kwa ukali. Kanikaribisha chai, kanieleza jinsi wateja walivyopotea. Mkewe Jedidah akafuta machozi kwa aproni. Nimerudi bila senti. Chai nimeilipia.

Jumanne, 7 Machi

Mbinu mpya: aibu. Nimeketi mlangoni pa hoteli kutwa nzima, uso nimeukunja, ili kila mtu ajue kuna mdai. Wavuvi wamedhani nimeajiriwa. Watatu wameniagiza chai, na mmoja akalalamika kwamba nachelewa! Elkanah amenishukuru sana kwa kumsaidia kazi.

Jumatano, 8 Machi

Nina akili, jamani! Deni likishindikana kulipwa, si liliwe? Sahani ya wali na samaki kwa Elkanah ni shilingi moja. Nakusanya watu arobaini. Kila mmoja ananipa mimi senti themanini, anakula kwa Elkanah, deni linakwisha. Mkononi nabaki na shilingi thelathini na mbili. Mwikwabe anachukua zake, mimi nakunywa soda.

Mke wangu Mong'ina ameuliza zile nane zimekwenda wapi. Nimemwambia hiyo ni gharama ya akili.

Elkanah amekubali papo hapo. Ila hana mchele. Wala mafuta. Nimemkopesha vyote, shilingi kumi na nane. Karamu ni Ijumaa jioni. Sisi Wakatoliki tuko katika Kwaresima, Ijumaa hatugusi nyama, lakini samaki ruhusa. Nimefikiria kila kitu.

Alhamisi, 9 Machi

Nafasi zote zimekwisha! Mayaka mwenyewe kanunua moja. Nimezipokea senti zake kwa raha ambayo siwezi kuieleza.

Ijumaa, 10 Machi

Watu arobaini, hoteli imefurika hadi nje. Sahani zilikuwa tayari. Nikaona si vyema watu wale bila neno kutoka kwangu. Nikasimama. Nikaeleza Harambee, nikaeleza biashara, nikaeleza maisha yangu tangu nilipotoka Kisii. Jedidah alikuwa akinipungia mikono kutoka jikoni. Nilidhani anashangilia, nikaongeza sehemu ya pili.

Nilipoketi, jua lilikuwa limezama ziwani.

Elkanah ni Msabato. Nilijua. Kila mtu anajua! Sabato yao huingia Ijumaa jua likitua hadi Jumamosi jioni, na muda huo wote Msabato hauzi kitu. Akasimama, mpole kabisa.

"Ndugu zangu, Sabato imeingia, hapa hakuna biashara tena. Kuleni tu. Leo nyinyi ni wageni wangu."

Wamekula. Wameimba. Mayaka ameomba samaki wa pili. Deni halikupungua hata senti.

Jumamosi, 11 Machi

Foleni dukani kwangu tangu asubuhi. Sio ya kununua. Wanasema kama chakula kilikuwa bure, senti themanini ni za nini? Nimewaambia ni za hotuba. Filister, yule muuza omena, dagaa wa ziwani, akasema kwa hotuba ile mimi ndiye ninayepaswa kuwalipa. Nimerudisha zote. Mayaka alizihesabu zake mara mbili.

Jumatatu, 13 Machi

Lori limekuja. Sukari yote imeshushwa kwa Mayaka. Imeniuma, sitaficha. Nilikaa nyuma ya kaunta nikakaribia kulia.

Ndipo akaja Elkanah, uso unang'aa. Tangu karamu ile kila mtu anamsifu, na leo hoteli imejaa tangu alfajiri. Shida moja tu.

"Omera, ndugu yangu Makori, nipe sukari," akasema. "Safari hii nitalipa."

Mtu mwenye shukrani namna ile, nani angemkatalia? Nimevuka barabara, nikakopa kwa Mayaka nusu gunia kwa jina langu, shilingi arobaini na mbili, nikampelekea Elkanah.

Halafu nimepiga hesabu. Arobaini, kumi na nane, arobaini na mbili. Namdai mia moja kamili! Hilo sasa ndilo deni! Watu mia watalila, mimi nitakusanya themanini, nimlipe Mwikwabe, nimlipe Mayaka, na nane zibaki mfukoni. Mong'ina alitaka kusema kitu, nikamwomba asinivuruge.

Kosa letu lilikuwa kuchelewa hadi jua likazama. Basi safari hii karamu nimeiweka Jumamosi, saa sita mchana, jua likiwa juu kabisa.