Kabati la Kimo cha Rajab

Jumamosi, 12 Esfand, mwezi wa mwisho wa mwaka

Nimebeba saruji kutwa. Sijavua hata viatu, Hajati Eshrat ananiita: Gholam, mwanangu, nishushie magodoro ya wageni. Nikashusha. Akasema siyo hayo. Nikapandisha. Chumba cha uani nakaa bure kwa sababu moja: mimi mrefu, na makabati yake yanagusa dari. Rajab mtunza bustani, kijitu kifupi, huniita Bwana Ngazi. Nimechoka.

Jumatatu, 14 Esfand

Wazo. Kabati jipya la Hajati, kila kitu kati ya goti na bega lake. Ufito wa nguo chini, droo za kuvuta, hakuna kupanda. Hajati ameniita injinia. Tatizo vipimo. Mimi si maharimu wake, siwezi kumshika mkono. Nikamwomba aunyooshe mwenyewe. Akauficha ndani ya baibui, akauliza kama kwetu Bamiyan wanawake hupimwa kama mapazia.

Jumanne, 15 Esfand

Nimetatua. Rajab na Hajati ni kimo kimoja, hata mabega. Nimempima Rajab. Leo hakunitania. Alinyoosha mikono kwa adabu, akashauri droo ya juu ishuke vidole viwili. Kumbe ana utu.

Jumapili, 20 Esfand

Kabati limekwisha. Hajati ametoa vyombo vya Nauruzi, sikukuu ya mwaka mpya, mwenyewe. Mimi nimelala mchana kama mfalme. Rajab naye akajaribu kila droo, akifungua na kufunga, anatabasamu tu.

Alhamisi, 24 Esfand

Hajati kaniita kwenye chai. Mwanangu, sitaki kukuchosha tena. Nikasema hunichoshi. Akasema nakuchosha, nimekuona. Basi chumba anampa Rajab: magoti ya Hajati yakigoma, Rajab anafika kila mahali, tena anamwagilia makomamanga. Nikamkumbusha kabati nimejenga mimi. Akasema ndiyo maana Rajab anakuombea dua kila swala. Rajab amenibebea mzigo hadi langoni. Akanionya: Bwana Ngazi, angalia kichwa, mlango mfupi.

Jumatano, 1 Farvardin

Mwaka mpya. Nimepata chumba kwa Bibi Fakhri, mtaa wa pili, kwa sharti lilelile. Tangu asubuhi nimepanda kushusha kioo, mishumaa, bakuli, kisha bakuli siyo lile. Nimemwambia basi, kesho naleta msumeno. Yeye ni mfupi hata kuliko Rajab, lakini Rajab, Mungu ambariki, ana shemeji wa kimo hichohicho. Ameahidi kumleta apimwe. Shemeji hana kazi wala pa kulala, kwa hiyo nafasi anayo.